Bawa la Tatu: Shajara ya Injini ya Mtongwe

9 Novemba

Ami amenikabidhi ufunguo wa mashua. Umefungwa kwa uzi wa nailoni kwenye kipande cha ndara kuukuu ili ukianguka majini uelee. Magoti yake hayampandishi tena chomboni kama zamani. Masharti yake ni mafupi: niifufue injini kwa mikono yangu, si kuita fundi akaifanya huku mimi nimeshika tochi, na kabla kusi haijaanza tutoke Mtongwe, hapa Mombasa, tupite Likoni, tufike nje ya mwamba, turudi. "Ukiweza hilo," akasema, "chombo chako."

Mimi ni karani wa mizigo. Siku nzima nashinda na makaratasi ya meli ambazo injini zake ni kubwa kuliko nyumba yetu, na sijawahi kushika spana zaidi ya ile ya baiskeli.

Injini ni Perkins 4.108, kazi ya Peterborough, Uingereza. Silinda nne, lita 1.76, hiyo 108 ni takriban ujazo huohuo ukihesabiwa kwa inchi za ujazo. Ni ya zamani, yote chuma na mafuta, na ikishawaka haidai umeme. Leo nimefanya jambo moja tu. Nimetia spana kwenye nati ya mbele nikajaribu kuizungusha kwa mkono, kujua kama imekamata. Ilikataa, nikaegemea kwa uzito wangu wote, ikazunguka nusu mzunguko kwa kwikwi, ikapumua "fssss" kupitia valvu fulani. Dizeli hii hugandamiza hewa 22 kwa 1, ndiyo maana ni nzito. Lakini imezunguka. Nimerudi na feri nikinuka mafuta mpaka mama mmoja akahama kiti.

16 Novemba

Nimepata mwalimu. Ni mzee wa Likoni aliyekula umri wake kwenye injini za matishari, na siku hizi hutengeneza akipenda tu. Nilimwamkia, nikamweleza sharti la ami. Akacheka. "Vyema. Mimi ntakaa hapa kwenye tezi ninywe kahawa. Wewe ndiwe fundi."

Somo la kwanza limekuwa kuosha. Brashi, dizeli kidogo, sabuni, kitambaa, tena kutoka mwanzo. Nilidhani ananitesa. Kufikia alasiri nikaona sababu: chini ya tabaka la grisi na vumbi palikuwa na mpira wa maji uliopasuka, klipu mbili zilizooza, na waya uliokuwa umeshikwa na utepe wa plastiki peke yake. "Injini chafu ni mwongo," akasema, akamimina kahawa nyingine.

Kisha akanipa chaki na karatasi: nichore njia nne. Dizeli inaanzia wapi na kuishia wapi. Oili. Maji tamu yanayozunguka ndani ya injini. Na maji ya chumvi yanayovutwa kutoka baharini, yakapoza yale maji tamu, yakatoka na moshi. Nimechora tatu vizuri. Ya maji ya chumvi nimeifikisha kwenye pampu, halafu mpira unapita nyuma ya giaboksi pasipofika mkono, nikachora mstari wa moja kwa moja mpaka kwenye kula.

(Kula ndiyo jina la mafundi la kile chombo cha kupozea. Aliponiambia mara ya kwanza, "Sasa angalia kula," nilimjibu nimeshiba.)

23 Novemba

Oili mpya, filta mpya. Ya zamani ilitoka nyeusi kama lami, lakini si nyeupe kama maziwa, kwa hivyo maji hayajaingia. Hiyo ndiyo habari njema ya wiki.

Valvu: nafasi yake ni milimita 0.30 injini ikiwa baridi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hesabu ngumu, kumbe kuna njia ya wazee. Valvu za silinda ya 4 zikiwa zinapokezana, moja yafunga na nyingine yafungua, unapima za silinda ya 1. Zikipokezana za 2, unapima za 3. Na kinyume chake. Jumla ni tano daima. Fila geji, kile kibamba chembamba cha kupimia mwanya, inatakiwa ipite kwa kukwaruza kidogo, kama kisu kinavyopita kwenye siagi ya baridi. Kati ya nane, tatu zilikuwa zimebana.

30 Novemba

Leo nitaandika kwa urefu, kwa sababu leo imewaka, na kwa sababu leo nimefanya upumbavu.

Tangi kwanza. Limekaa nusu kwa mwaka mzima, na tangi likikaa nusu kwenye unyevu wa pwani, hewa iliyo juu ya mafuta hutoa jasho usiku, tone kwa tone, na maji ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini, pale pale panapovutwa. Nilifungua plagi ya chini nikakinga kwenye chupa ya soda. Robo ya kwanza ilikuwa maji matupu. Juu yake utando mweusi, mlaini kama ute wa pweza: vijidudu huota pale maji na dizeli vinapokutana. Nimeosha tangi mara tatu, nikabadilisha filta zote mbili.

Sasa, ukishafungua njia ya dizeli hewa huingia, na dizeli ikiwa na hewa haiwaki, kwa sababu pampu hugandamiza povu badala ya mafuta. Lazima hewa itolewe. Unalegeza skrubu iliyo juu ya filta, unapiga mkono wa ile pampu ndogo ya kuvuta, mapovu yanatoka, unaendelea mpaka itoke dizeli tupu, unakaza. Kisha skrubu mbili za pampu kubwa. Kisha nati za vibomba vya chuma vinavyokwenda kwenye nozo, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda.

Nikapiga ule mkono. Ulilegea tu, hauvuti kitu. Nikapiga mara hamsini. Nikaanza kufikiria bei ya pampu mpya. Fundi kutoka kule tezi, bila hata kuinuka: "Zungusha injini mara moja kamili, urudi." Nikazungusha. Mkono ukawa mzito, dizeli ikaanza kupanda. Kumbe pampu ile husukumwa na kamu ya injini, nundu iliyo kwenye shafti inayozunguka ndani, na kamu ikisimama juu kabisa, mkono hauna nafasi ya kusogea. Hakuna kilichoharibika. Elfu kadhaa zimeokolewa na neno moja la mzee mwenye kikombe.

Kabla sijagusa stata akanishika bega. "Funga koki ya bahari." Ndiyo inayofungulia maji ya chumvi kuingia kutoka baharini. Sikuelewa kwa nini, akanieleza, na hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa injini za ndani alijue kabla ya jingine lolote. Ekzosi ya mashua hii ni ya maji: maji ya chumvi yakishapoza hudungwa ndani ya bomba la moshi, na moshi wenyewe ndio unaoyasukuma nje. Ukizungusha stata kwa muda mrefu na injini haiwaki, pampu yavuta maji lakini moshi haupo. Maji yanajaa kwenye saileinsa, yanapanda, yanarudi ndani ya silinda kupitia valvu iliyo wazi. Maji hayagandamizwi. Pistoni ikiyakuta, kinachopinda ni chuma. Kwa hivyo: unatoa hewa ukiwa umefunga koki, na ikiwaka tu, unaifungua.

Stata sekunde kumi na tano, pumzika. Tena. Tena. Mara ya nne ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikashika silinda mbili, tatu, nne, na pwani nzima ya Mtongwe ikasikia. Vijana wa ngalawa wakapiga miluzi. Fundi alikuwa ameshuka kuswali alasiri. Nilikuwa peke yangu, nikacheka kama mwendawazimu, nikampigia ami simu nikaiweka karibu na injini asikie mwenyewe.

Koki nimeisahau.

Dakika mbili, labda tatu. Nilipata fahamu kwa harufu ya mpira unaoungua. Ndani ya pampu ya maji ya chumvi kuna impela, gurudumu la mpira lenye mabawa, na maji inayoyasukuma ndiyo yanayoilainisha. Ikikauka inajisaga.

1 Desemba

Nimefungua pampu mapema kabla fundi hajaja. Mabawa matatu yamekatika. Mawili nimeyapata: moja ndani ya pampu, la pili kwenye mdomo wa mpira. La tatu halipo.

Nimenunua impela mpya, nikaitia kwa sabuni ya maji, mabawa nikiyafunga kwa uzi yalale upande mmoja. Fundi alipofika aliuliza mbona pampu imefunguliwa. Nikamwambia impela ilikuwa imechoka kwa uzee.

Alinitazama, akasema, "Haya."

7 Desemba

Maji ya bamvua. Jana jioni saa kumi, maji yakiwa yamejaa, tuliisukuma mashua juu kabisa ufukweni tukaiegemeza kwa magogo. Leo saa nne asubuhi bahari ilikuwa imerudi mbali na chombo kimekaa kikavu mpaka kwenye mkuku. Una saa tano hivi za kufanya kazi, baada ya hapo bahari haisubiri uliyefungua shafti.

Rafadha nimeitikisa: inacheza kidogo tu kwenye beringi yake, itaenda mwaka mwingine. Chaza nimezikwangua. Kazi kubwa ilikuwa boksi la pakingi, pale shafti inapotoka ndani kwenda nje. Pakingi ya zamani ilikuwa ngumu kama kuni. Unakata kamba mpya iliyotiwa mafuta vipande vya mviringo, ncha zikatwe kwa mshazari, na maungio yasipangwe mstari mmoja, maana maji yatapata njia. Nilipomaliza nikakaza nati kwa nguvu zangu zote, nikajisifu. Fundi akailegeza. Boksi la pakingi lazima lidondoshe tone moja moja shafti ikizunguka. Lisipodondosha linaungua na kuila shafti.

Ami alikuja kwa bodaboda na kigoda chake, akakaa mchangani kutusimamia. Alitaka kujua mbona hatujapaka shahamu kama zamani. Nikamwonyesha kopo la rangi. Akasonya.

21 Desemba

Kazini meli tatu kwa wakati mmoja. Sijafika Mtongwe.

5 Januari

Tumetoka mara ya kwanza, kwenda na kurudi ndani ya hori. Injini ikizunguka bila mzigo iko vizuri, joto digrii 80, sindano imetulia. Nikisukuma kasi kidogo, baada ya dakika tano inapanda: 85, 90, 95. Nikipunguza, inashuka polepole. Tulirudi taratibu kama mgonjwa.

Mawazo yangu yote yalikwenda kwenye termostati, ile valvu inayojifungua kupitisha maji tamu yakishapata moto.

13 Januari

Nimenunua termostati mpya, shilingi 2,800. Kabla ya kuitia, niliitia ya zamani kwenye sufuria ya maji jikoni na kipimajoto cha dukani, mke wangu akiwa kwao. Maji yalipofika digrii themanini na kitu, ilijifungua vizuri, polepole, kama jicho la mtu anayeamka. Haina kasoro hata kidogo. Nimeshanunua mpya, na muuza duka harudishi. Ningeipima kwanza ndipo ninunue, lakini pesa ziliniwahi.

Nimeitia mpya hata hivyo. Joto lile lile.

20 Januari

Nimefungua kula yenyewe. Vifuniko vya ncha zote mbili, gaskiti mpya tayari mkononi. Ndani ni mabomba madogo mengi kama mzinga wa nyuki. Maji ya chumvi hupita ndani yake na maji tamu huzunguka nje. Nilitarajia kulikuta lile bawa limekaa mlangoni kama mwizi. Hakuna kitu. Chumvi kidogo nimeitoa kwa kijiti cha mshikaki. Zinki, kile kijipande kinachowekwa ndani ili kiliwe na chumvi badala ya shaba, kilibaki kama punje ya mbaazi, nimeweka kingine.

Joto lile lile. Kwa kasi ndogo hakuna shida, kwa kasi kubwa inachemka.

Nimeanza kuwaza mambo mabaya: gaskiti ya silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda, au hedi yenyewe imepinda. Nilimwuliza fundi kama tuifungue hedi. Akaniuliza kama nina pesa nyingi.

27 Januari

Leo nimesema. Nilisubiri fundi amalize kahawa ya kwanza, nikamwambia: siku ile injini ilipowaka nilisahau koki, impela haikufa kwa uzee, na bawa moja sijaliona mpaka leo.

"Najua kuwa ulisahau," akasema. "Impela ya uzee hupasuka, hainuki moto. La bawa ndilo hukuniambia." Hakunikemea zaidi ya hapo, na afadhali angenikemea. "Haya, leta ile karatasi uliyochora. Maji yatoka pampu, yaenda wapi?"

"Kwenye kula."

"Hapa umechora mstari. Uliufuata kwa mkono?"

Sikuufuata. Nililala kifudifudi juu ya ngama, nikapitisha mkono nyuma ya giaboksi, kidole kwa kidole juu ya ule mpira. Hauendi kwenye kula. Unaingia kwanza kwenye kichupa cha shaba, si kikubwa kuliko tochi, kilichofungwa ubavuni mwa giaboksi: kula ya pili, ya kupozea oili ya gia. Ndipo unatoka kwenda kwenye ile kubwa.

Ilinichukua saa nzima kulegeza klipu mbili nisizoziona. Mpira ulipotoka, nikamulika kwa simu. Bawa jeusi lilikuwa limejibana kwenye mdomo wa kile kichupa, limekunjwa kama ulimi, limeziba zaidi ya nusu ya njia. Injini ikienda pole, maji yanayopenya yanatosha. Ikipewa mzigo, joto ni jingi na maji ni yale yale.

Nilikuwa nimepima maji ya ekzosi kabla ya kufungua, kwa ndoo ya lita 10 na saa ya simu: sekunde 72. Baada ya kulitoa bawa na kurudisha mpira, kasi ileile: sekunde 34. Nimeliweka bawa kwenye kikasha cha kiberiti. Kwenye mchoro nimefuta ule mstari wa moja kwa moja.

6 Februari

Kulinganisha injini na shafti. Hili hufanywa chombo kikiwa majini, si ufukweni, kwa sababu mbao za mashua hukaa vingine zikibebwa na maji kuliko zikilala mchangani. Unatenganisha flanji mbili, visahani vinavyounganisha giaboksi na shafti, unapima mwanya kwa fila geji juu, chini, kushoto, kulia, na unanyanyua au kushusha miguu ya injini mpaka mianya ifanane. Nimetumia mchana mzima. Nati ya mguu wa nyuma wa kushoto imenichuna vidole viwili. Mtetemo umepungua hata kikombe cha fundi hakitembei tena juu ya ubao.

12 Februari

Maji mafu, mkondo si mkali, kaskazi nyepesi. Tulimpandisha ami kwa mikono mitatu na matusi mengi ya kwake. Koki wazi, nimeigusa mara mbili, na mara ya tatu fundi akanitazama nikaacha.

Saa moja na nusu asubuhi tukaondoka. Ami alikaa kwenye tezi mkono juu ya usukani, hakuniachia. Tulipopita gati ya feri ya Mtongwe alinyamaza kabisa. Alikuwa na jamaa kwenye feri ile iliyozama 1994, siku walipokufa watu 272, na kila akipita hapo huwa hivi. Sikuongea naye. Niliinama nikasikiliza injini, bisibisi moja sikioni na ncha yake juu ya kifuniko cha valvu, kama nilivyofundishwa.

Likoni tulisubiri feri mbili zipishane, tukavuka nyuma yao kwenye mawimbi yao. Hapo ndipo nilipoogopa. Mlango wa Kilindini ni njia ya meli, na chombo kikizima katikati yake huna pa kujificha. Sindano ilikuwa 82. Nikasukuma kasi. 82. Nje ya mwamba maji yakabadilika rangi, mashua ikaanza kuinuka na kushuka, na ami akasema kitu kwa kunong'ona nisichokisikia kwa ajili ya injini.

Moshi: karibu hakuna, mwembamba mweusi nikiongeza ghafla, basi. Boksi la pakingi: tone moja kila sekunde kumi hivi. Oili: inavuja nyuma ya krenki, vijiko viwili kwa safari nzima. Fundi asema injini za namna hii zote huvuja hapo, na ile isiyovuja ni kwa kuwa oili imekwisha. Nimeweka sinia chini yake.

Tulirudi saa nne na nusu. Ami alishuka, akaoga miguu kwa maji ya bahari, akaulizia bei ya dizeli.

13 Februari

Mpira wa ekzosi una ufa upande wa chini, pale unapopinda. Kipenyo ni inchi mbili. Maduka mawili ya mjini hawana. La tatu wana wa inchi mbili na robo na wanasema utaingia. Hautaingia.